VPN ya familia inasaidia, lakini haki ya habari si ya wenye ndugu Ulaya tu

Mwezi wa pili mwaka 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Goma, X na TikTok zilianza kukataa kufunguka nchini DRC. Ilikuwa saa ile ile ambapo familia za wahami zilikuwa zinatafutana kwa simu. Vijana wengi wakakimbilia VPN za bure.

VPN hupitisha mawasiliano ya simu, yakiwa yamefichwa, hadi kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, na kompyuta ile ndiyo inafungua TikTok. Kampuni ya simu haioni mtu anasoma nini. Lakini mwenye kompyuta ile anaweza kujua mhami anatembelea tovuti gani. Kwa hiyo VPN ya bure, isiyojulikana ni ya nani, si ya kuaminiwa hivi hivi.

Afadhali ndugu aliye Ubelgiji ama Kanada akodi seva ndogo, aweke programu kama Outline ama WireGuard, ambazo hazilipishwi, kisha awatumie jamaa zake funguo. Anwani ya seva hiyo haijulikani na wengi, basi kuifunga ni kazi ngumu kuliko kufunga zile za makampuni makubwa. Funguo wapewe watu wa kuaminika tu, sababu kila wanachofanya kinaonekana kimetoka kwa mwenye seva.

Hata hivyo, dawa hii ina mipaka. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti kwa karibu siku 20. Mtandao ukizimwa wote, VPN haina pa kupita. Na mama wa kambini asiye na ndugu Ulaya, mwenye simu ndogo ya vibonyezo, atapata wapi funguo?

Wanaotetea kufunga wanasema uongo wa vita unaenea huko. Ni kweli, unaenea. Lakini mahali habari imezibwa, uvumi ndio unabaki, na watu wanakimbia ovyo ama wanarudi kijijini kabla ya wakati. Kifungu cha 24 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Uongo ujibiwe kwa habari ya kweli, mapema, kwa lugha ambayo raia wanaisikia. Kuzima mtandao kunawaumiza kwanza wale ambao vita vimekwisha kuwafukuza nyumbani.