Kindi Hahitaji Bunduki ya Sinema

Binamu yangu anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee huko Minnesota. Wiki jana alinitumia picha ya bunduki, chini yake ameandika: "Msimu wa kindi unaanza Septemba. Hii itafanya?" Bunduki yenyewe ni nyeusi tii, imejaa reli za kufungia matochi, magazini yake ni ndefu ya risasi 25, na kwa umbo ni ndugu mdogo wa zile za wanajeshi. Lakini risasi inayotoka ni ile ile ndogo ya .22. Hiyo ni Probox iliyofungwa spoila.

Nilicheka. Halafu nikamkumbuka kindi wangu wa kwanza, nikaacha kucheka.

Nieleze kwanza, maana najua kuna msee anajiuliza huyu wa Nairobi anajua nini kuhusu kuwinda. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na wengi wetu tulichoshika utotoni ni feya tu. Lakini kabla niache chuo nilisoma Minnesota karibu miaka miwili, na anko wangu, ambaye yuko huko tangu sijazaliwa, ndiye alinipeleka msituni. Huko kuwinda kindi na sungura ni kitu cha kawaida kabisa. Unasoma kozi ya usalama wa bunduki, unalipia leseni, unavaa nguo ya rangi ya chungwa inayowaka ndio mwindaji mwenzako asikudhanie mnyama, na kwa siku hupiti kindi 7. Nyama inaliwa. Hakuna anayekuona jangili.

Sasa msimamo wangu: kama una dola 400 na hii ndiyo bunduki yako ya kwanza ya wanyama wadogo, nunua ya bolti, inayotumia .22 Long Rifle, hata iwe mtumba. Chenji iende kwa darubini na risasi. Ile ya sinema iache dukani.

Kwa nini .22? Hapo sina maneno mengi, kwa sababu swali lilijibiwa zamani. Risasi hii ya Long Rifle ilitoka 1887 na hadi leo ndiyo rahisi kuliko zote kupata. Ni aina inayoitwa rimfaya: ile baruti ya kuwashia iko ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bunduki inagonga hapo ukingoni, si katikati. Kwa hivyo ganda lazima liwe jembamba, presha ni ndogo, kelele ni ndogo, teke begani hakuna, na bei inakuwa ya chini. Pakiti ya 50 nilikuwa nanunua kwa dola chache tu. Ubaya wake ni kwamba mara moja moja unavuta kifyatulio na hakuna kinachotokea. Ukipata hiyo, usifungue bolti haraka ukachungulie. Acha mtutu uelekee mahali salama, hesabu nusu dakika, ndio ufungue. Nyingine huchelewa kulipuka.

Kuna watu watakuambia uende .17 HMR, ambayo ilikuja 2002, kwa sababu inakimbia zaidi na inapiga mbali ikiwa imenyooka. Ni kweli. Pia inachana nyama ya kindi hadi unabaki na supu ya manyoya, na risasi zake ni ghali. Sijui mtu wa dola 400 anaitakia nini.

Turudi kwa kindi wangu.

Ilikuwa Novemba, miti imebaki mifupa mitupu. Anko alikuwa na bunduki mbili za .22. Nilichagua ile ya semi-otomatiki, ile ambayo ukivuta inajipakia yenyewe, kwa sababu ilikuwa inapendeza. Juu yake kulikuwa na darubini ya dola 30 hivi, na sikuwa nimeipima siku hiyo. Nikaona kindi kwenye shina la mwaloni, mita kama 40. Nikapiga. Akaanguka, lakini akaanza kujivuta kwa miguu ya mbele. Wewe unafanya nini na magazini yenye risasi tisa bado? Nilifyatua tatu mfululizo, zote zikaingia kwenye majani. Kindi akajivuta hadi kwenye tundu chini ya mzizi, akaingia.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Hakutoka. Anko hakunigombeza, alisema tu, "Haya, twende nyumbani." Nilitamani angenipigia kelele.

Wiki iliyofuata alinipa ile nyingine, Savage Mark II aliyonunua mtumba, kitako kimekwaruzwa kama meza ya darasa. Bunduki ya bolti. Ukipiga, unainua mkono wa bolti, unavuta nyuma, ganda linatoka, unasukuma mbele, ndio uko tayari tena. Na kwa mwezi mzima anko alinipa risasi moja moja. Nilidhani ni adhabu. Baadaye nikaelewa: ukijua hakuna ya pili inayokuja yenyewe, unasubiri. Unatafuta mti wa kuegemea. Unaacha kindi ageuze kichwa. Kichwa chake ni kama ndimu ndogo, na hapo ndipo unapotaka kupiga, kwa huruma na kwa nyama pia.

Sisemi semi-otomatiki ni mbaya. Ruger 10/22 imekuwepo tangu 1964 na ni bunduki safi sana. Marlin 60 imetengenezwa kwa mamilioni, ukizunguka maduka ya mitumba huko hukosi moja. Zote zinaua kindi vizuri zikiwa kwa mikono ya mtu aliyezoea. Shida ni mtu wa kwanza. Anajifunza kurekebisha kosa kwa kuongeza risasi. Tena semi-otomatiki huchagua chakula: ukiipa risasi za polepole, zile tulivu, nyingine hukwama katikati ya kujipakia. Bolti inakula chochote unachoipa, kwa sababu mkono wako ndio injini.

Kwa bei, nilipokuwa huko Mark II mpya ilikuwa kati ya dola 250 na 350 kulingana na mbao na darubini. Kwa pesa zetu, hiyo 300 ni kama 39,000. Ruger American Rimfire ilikuwa juu kidogo. Ukiwa na ganji zaidi kuna CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki, na ukiishika tu unajua watu walikaa chini wakaitengeneza. Lakini binamu, wewe huna hizo, na mimi pia sikuwa nazo. Mtumba wa bolti wa dola 200 ambao umetunzwa utakupiku wewe mwenyewe kwa miaka mingi kabla uupiku.

Ukienda kuangalia mtumba, mwombe muuzaji ruhusa, hakikisha ni tupu, angalia mwenyewe, halafu angalia tena. Ingiza kidole mdomoni mwa mtutu, siyo ndani kabisa, usikie kama ukingo umegongwa, kwa sababu hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki. Pita na tochi kutoka upande wa bolti uone kama kuna kutu. Sikiza kifyatulio: kinavutika laini na kuachia mara moja, ama kinakokota kama mlango wa mabati? Na uliza kama magazini ya ziada bado zinapatikana, maana kuna bunduki nzuri zimekufa kwa sababu ya magazini kupotea.

Darubini usinunue ya dola 30. Tafuta iliyotengenezwa kwa rimfaya, ambayo vioo vyake vimepangwa kwa mita 50 hivi, siyo zile za paa ambazo zimepangwa kwa mita 100 na kwenda juu. Ukuzaji wa mara 2 hadi 7 unatosha kabisa. Kindi hutembea alfajiri na jioni, kukiwa na kiza kiza, na kioo rahisi wakati huo kinakuonyesha uji.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna mtu aliniambia dukani. Kila mtutu una risasi yake. Bunduki mbili za aina moja, zimetoka kiwanda kimoja, moja itapenda pakiti hii na nyingine itaikataa. Nunua pakiti tano za kampuni tofauti, keti kwenye meza ya uwanja wa shabaha, piga tano tano kwa mita 50, uone ni gani inakusanya matundu pamoja. Ile ya anko ilikataa za kasi, ikapenda za kawaida, zile ambazo ziko chini ya kasi ya sauti. Hiyo ni siku moja na labda dola 40. Hakuna reli ya tochi itakayokupa faida kama hiyo.

Ukishapata, panga darubini kwa mita 50 na uache hapo. Kutoka hapo hadi mita 100 risasi inashuka sentimita 15 au zaidi, na upepo mdogo unaisukuma, kwa hivyo sahau hizo hadithi za kupiga kindi mita 100. Mimi kipimo changu kilikuwa kifuniko cha soda. Mita 25, tano kwa tano. Siku ambayo sikufikisha, sikuenda msituni.

Na kindi yuko juu ya mti, hilo lishike. Ukimpiga akiwa kwenye tawi na nyuma yake ni mbingu tu, na ukose, ile risasi ya gramu 2.6 inaendelea na safari. Pakiti nyingi zina onyo kwamba ni hatari hadi maili moja na nusu, yaani kilomita 2 na ushee. Kuna nyumba ya mtu huko. Subiri kindi ashuke, au awe amelalia shina nene. Asiposhuka, mwache aende zake.

Sasa hii ya mwisho ndiyo ilinifanya niandike, siyo urembo wa bunduki. Binamu yuko na kadi ya kijani, kwa hivyo anaweza kununua kama mkazi mwingine yeyote. Lakini kuna wasee wengi huko na viza za muda, za masomo au za kazi, ambao wanaalikwa uwanja wa shabaha wikendi wanapiga picha wakiwa wamebeba. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu wa viza hizo kuwa na bunduki au risasi, hata ya kuazimwa, isipokuwa awe na ruhusa maalum kama leseni halali ya kuwinda. Mimi nilikuwa nayo mfukoni kabla sijashika ile ya anko, na alinilazimisha kuitoa nimwonyeshe kila mara. Bila makaratasi kabisa, hata hiyo leseni haikuokoi. Kifungo kinaweza kufika miaka 15, na ukitoka unapandishwa ndege. Na usimtume binamu mwenye kadi akununulie: dukani kuna fomu inayouliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na kudanganya hapo ni kosa la jinai kwenu nyote.

Nilimtumia binamu haya yote kwa sauti, dakika kumi na mbili. Akajibu, "Sawa, lakini ile nyeusi ni smati bana." Jumamosi anaenda kuangalia Mark II moja ya mtumba, inauzwa dola 210, kitako kimepasuka kidogo. Nimemwambia apige picha ya mdomo wa mtutu kabla atoe pesa. Na akipata kindi, aloweke nyama kwa maji ya chumvi usiku mzima, ndio apike na nyanya na dania. Anko huisonga na ugali mgumu, na hatoi vipande vya mgongo kwa wageni.