Basari si mali ya chama, mheshimiwa atueleze alichofanya Bungeni

Mhariri,

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na tume ya uchaguzi, IEBC, bado haijafungua rasmi kipindi cha kampeni. Mwaka 2022 kipindi hicho kilianza Mei 29, miezi miwili na ushei kabla ya kura. Huku kwetu Kilifi hakuna anayesubiri. Kila wikendi kuna gari la vipaza sauti, fulana na leso za rangi ya chama, na mheshimiwa mbunge wetu yuko jukwaani akisimulia maisha yake.

Maisha yenyewe tumeshayahifadhi: nyumba ya makuti aliyozaliwa, shule aliyokwenda miguu mitupu, mama aliyeuza mnazi apate karo. Sina neno na hayo. Wengi wetu tumepitia huko huko, na mtoto wa maskini akifika Bungeni ni fahari ya kijiji kizima. Kinachoniuma ni kwamba hadithi hukomea siku aliyoapishwa. Miaka aliyokaa Nairobi kwa kura zetu haitajwi kabisa.

Majuzi sisi wazazi tuliitwa kwa ujumbe wa simu tuje kuchukua hundi za basari katika uwanja wa shule ya msingi. Tulifika asubuhi. Wanafunzi wa sekondari walipangwa mbele na sare zao, jua likiwachoma, na mheshimiwa akafika saa nane mchana. Zikaimbwa nyimbo za chama. Wanaotaka uwakilishi wadi wakapewa kipaza sauti mmoja baada ya mwingine. Yakafuata yale maisha. Hundi zilikuja mwisho kabisa: jina la mtoto likiitwa, mzazi anapanda jukwaani, anavishwa leso ya chama, anapigwa picha, ndipo anapewa bahasha. Mama mmoja aliyenitangulia aliipokea leso akaikunja, akaibana kwapani. Kijana wa jukwaani akaichomoa, akaikunjua na kumfunga begani mwenyewe, picha ikapigwa. Yule mama hakusema neno. Ndani ya bahasha mlikuwa na hundi ya Sh5,000.

Pesa hizo ni zetu, kwani zinatoka katika hazina ya maeneobunge. Sheria ya Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, NG-CDF, ya mwaka 2015 inaitengea hazina hiyo si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu katika mapato ya taifa. Ni kodi ya sukari, ya mafuta ya taa, ambayo hata yule mama hulipa kila anapokwenda dukani. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria hiyo inakiuka Katiba, na mabishano hayo nawaachia mawakili. Ninachojua ni kwamba hakuna sheria inayompa mbunge ruhusa ya kuzigeuza pesa za karo kuwa zawadi za chama. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza rasilimali za umma kutumiwa katika kampeni. Nilipouliza katika ofisi ya chama hapa kwetu niliambiwa ile ilikuwa shughuli ya mbunge, chama hakihusiki. Basi zile leso zilitoka wapi?

Siku hiyo hiyo kijana mmoja alinyoosha mkono. Alitaka kujua mheshimiwa alipigaje kura Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipopitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wenzake wakipigwa risasi nje ya Bunge. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi, lakini wabunge walikuwa wameshapiga kura. Kijana hakumaliza swali. Kipaza sauti kilichukuliwa mkononi mwake na muziki ukafunguliwa. Ni swali la haki kabisa, na jibu lake ni neno moja tu: ndiyo au la.

Mimi pia nina yangu. Ibara ya 95 ya Katiba inasema kazi ya Bunge la Kitaifa ni kujadili mambo yanayowahusu wananchi, kutunga sheria na kusimamia matumizi ya pesa za taifa. Je, mheshimiwa alisimama mara ngapi kuzungumzia maskwota wanaoishi kwa hofu ya tingatinga? Je, aliwahi kuuliza lolote kuhusu korosho, zao lililosomesha wazee wetu? Yuko katika kamati gani, na huhudhuria? Majibu yamo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, lakini ni wangapi kati ya wale wazazi waliokaa juani watakaoifungua Hansard, tena iliyojaa Kiingereza? Anayepaswa kutuletea habari hizo kwa Kiswahili au Kigiriama ni yeye, kwenye jukwaa hilo hilo.

Ibara ya 104 inatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu muhimu vya utaratibu wake, na sijasikia mbunge yeyote nchini aliyerudishwa nyumbani kwa njia hiyo. Ndiyo maana mchujo wa chama una uzito huku kwetu. Mara nyingi anayepata tiketi ndiye anayekwenda Bungeni.

Viongozi wa chama katika kaunti wamwite mheshimiwa na wapinzani wake wa mchujo mbele ya wananchi, bila leso wala hundi, tuwaulize na watujibu. Basari nazo zipelekwe moja kwa moja shuleni kwa majina ya wanafunzi. Na gazeti hili, tafadhali, lichapishe kabla ya mchujo jinsi kila mbunge wa Pwani alivyopiga kura Juni 25, 2024, jina kwa jina. Nitaubandika ukurasa huo kwenye mlango wa duka langu.

Mzazi,
Kaunti ya Kilifi