Masisi na Walikale: tangazo lililochelewa halimlindi mwananchi

Kivu ya Kaskazini – Mara nyingi wakaaji wa Masisi na Walikale hupata habari za usalama kwanza kwa dereva wa pikipiki, kwa mama aliyetoka sokoni, au kwa sauti ya WhatsApp isiyojulikana nani aliirekodi. Tangazo la viongozi likija, watu wamekwisha kukimbia, ao wamekwisha kurudi mahali ambapo bado kuna hatari.

Walikale inajua bei ya ukimya. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji wa Mai Mai Sheka na FDLR walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwa kimoja kati ya hivyo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wasichana, hata wanaume na wavulana. MONUSCO ilikuwa na kambi palepale Kibua, lakini ukubwa wa unyama ule ulijulikana siku nyingi baadaye. Ntabo Ntaberi Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mwezi Novemba 2020. Hukumu ni jambo jema, ila ilikuja miaka kumi baadaye. Kilio cha usiku ule kilihitaji kufika usiku uleule.

Baada ya Luvungi, MONUSCO ilipanua mpango wa tahadhari: machifu, viongozi wa kina mama na vijana wanakuwa na simu na namba ya kuita. Fikra hiyo ni nzuri, lakini haiwezi kubaki kazi ya wageni. MONUSCO imekwisha kuondoka Kivu ya Kusini tangu Juni 2024, na siku moja itaondoka huku pia. Nani atapokea simu hiyo?

Leo swali ni gumu zaidi. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, Goma ikafuata mwezi huohuo, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Walikale-centre ilitekwa Machi 2025, kisha waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika majuma hayo machache, familia zililala porini zikiuliza jambo moja tu: kurudi ni leo au bado? Kila upande una tangazo lake, na kila tangazo linasema hali ni shwari.

Wengine watasema kutangaza kila kitu ni kumpa adui siri. Si kweli. Hakuna anayeomba kujua askari wamelala wapi. Mwananchi anaomba kujua kama barabara ya soko inapitika, kama daraja limebebwa na mvua, kama maji ya chemchemi yana kipindupindu, na kama shamba alilotoroka lina bomu ambalo halijalipuka. Habari hizo hazimsaidii mwenye bunduki. Zinamsaidia mwenye mtoto mgongoni.

Na hazihitaji pesa nyingi. Radio za jamii zipo. Makanisa, misikiti na siku za soko zipo. Kinachokosekana ni mazoea: saa moja inayojulikana kila siku, kwa Kiswahili, Kihunde na Kinyanga, na kiongozi mmoja anayetaja jina lake na kusema wazi anachokijua na asichokijua. Mahali ambapo simu haishiki, na vijiji hivyo ni vingi msituni Walikale, mnara wa simu uhesabiwe kuwa ulinzi kama vile kituo cha polisi.

Kiongozi akisema uongo mara moja kwamba hali ni shwari, siku ya hatari ya kweli hakuna atakayemsikiliza. Watu watarudi kwa dereva wa pikipiki, na watakuwa na haki.