Usinizibie Tundu la Hewa

Juzi tawi la mwembe liliangushwa na upepo, likachana wavu wa tundu la hewa chini ya upenu wa nyumba yangu, upande wa chumba wanacholala wajukuu. Nikamwita fundi. Akatazama juu, akasema, "Mwalimu, hapa tunagongelea plaiwudi, tunapaka rangi, yamekwisha."

Nilimkatalia. Akadhani nabana fedha. Ndugu msomaji, tembea Ifakara, toka mjini hadi Kibaoni, utazame chini ya mapaa. Utaona matundu mangapi yamezibwa kwa mbao, kwa bati kuukuu, hata kwa saruji, na wenye nyumba wanaliita jambo hilo matengenezo!

Najua hoja yao. Nyumba za baba zetu, za udongo na nyasi, zilikuwa na uwazi mpana kati ya ukuta na paa. Moshi ulitokea hapo, hewa ikaingia, na mbu naye akaingia. Mbu wa malaria hufuata pumzi na harufu ya mtu aliyelala. Akikutana na ukuta hupanda nao mpaka aufikie uwazi ule. Mdudu huyu amechunguzwa hapa hapa kwetu tangu miaka ya 1950, Waswisi walipofungua maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Basi wenzangu wanasema: mbu anapita juu, tuzibe juu. Hiyo ni nusu ya somo, na mwanafunzi wa nusu ya somo nimemfundisha miaka mingi, namfahamu.

Nusu ya pili ni joto. Hewa iliyo kati ya bati na dari huchemka mchana kutwa. Isipopata pa kutokea, joto lake hushuka kupitia dari hadi kitandani. Mtu hutupa chandarua, hufungua mlango, mwishowe huketi barazani hadi saa tano za usiku akijipepea kwa kawa. Mbu yuko hapo hapo barazani. Bwana huyu amemfungia mlango mgeni, kisha akatoka nje kumfuata.

Katika shule moja niliyoiongoza, nyumba za walimu zilizibwa hivyo na waliotumwa kuzikarabati. Dari zikaota ukungu, walimu wakahamishia mikeka nje. Niliandika barua mbili. Jibu la ile ya pili lilisema kwamba nyumba zimekwisha kukarabatiwa.

Huko Kodivaa, katika vijiji vya jirani na Bouaké, watafiti walifunga uwazi wa mapaa na kuweka wavu madirishani. Lakini juu ya kuta waliacha mabomba yenye wavu uliotiwa dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa malaria kwa watoto ilikuwa pungufu kwa asilimia 38 hivi kuliko katika vijiji visivyowekewa vitu hivyo. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuziba kabisa, bado waliacha pa kupitia hewa.

Wengine hunijibu kwamba wavu huoza. Naam, huoza. Shati nalo huchakaa, na sijaona mtu akijishonea gunia. Tena wapo wanaoweka wavu wa kuku, ambao humzuia popo na kumkaribisha mbu. Wavu unaotakiwa ni ule wa madirishani, wenye vitundu visivyozidi milimeta moja na nusu. Ukate uzidi tundu vidole viwili kila upande, ukunje kingo, uuvute vizuri, kisha ugongelee fremu ya mbao nyembamba juu yake pande zote nne. Ukiacha upenyo pembeni, umejisumbua bure.

Nilimweleza fundi hayo yote, pamoja na habari ya popo: tundu likiwa limekaa wazi siku kadhaa, lazima kwanza uhakikishe hawajaingia darini. Ukiwafungia humo watafia ndani, na harufu yake utaijua wiki nzima. Akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe bado unafundisha."

Alirudi Jumamosi. Tulichungulia darini kwa tochi, hapakuwa na popo. Mimi nikashika ngazi, yeye akagonga misumari. Kazi haikufika saa nzima. Kipande cha wavu kilichobaki nimekiweka. Tundu la upande wa jikoni nalo limeanza kuota kutu.