Sekunde Kumi na Tano

Shemeji yangu ni mtu wa matangazo ya biashara, na tangu aingie katika kazi hiyo hapiti nyumbani kwangu bila kunikumbusha kwamba mimi ni mtu wa zamani. Safari hii alikuja na jambo. Kijana wangu wa mwisho ana bendi, vijana wanne na magitaa yao, na kampuni moja ya vinywaji imewataka watunge wimbo wa tangazo. Mimi niliguna tu, lakini mguno ule ulitosha. "Shemeji," akasema, "hao Wajapani unaowasifu kila siku ndio mabingwa wa kazi hii. Bendi zao za roki zinatunga nyimbo za matangazo na hakuna anayeona haya."

Ni kweli. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyewataja Wajapani, na nimjibu kwa Wajapani hao hao.

Mwaka 1993 nilikuwa Nagoya kwa mafunzo ya ufundi mitambo. Bwenini kwetu kulikuwa na televisheni moja tu, katika chumba cha kulia, na Kijapani changu cha mwanzo nilikiokota kwenye matangazo, maana yalirudiwa mpaka hata mgeni akayashika. Mwaka ule palikuwa na tangazo la Pocari Sweat, kinywaji cha kampuni ya dawa ya Otsuka, na ndani yake mlikuwa na sauti nyororo ya mwanamke. Lilikuwa kundi la ZARD, lililoanza mwaka 1991 kama bendi ya roki, na wimbo ulikuwa "Yureru Omoi". Nilikuwa nikiuimba huku nikiosha vyombo. Mwisho nikatoa yen zangu, nikanunua CD, zile ndogo za sentimita 8 zilizokuwa zikitiwa katika jalada refu jembamba.

Nikaiweka. Kibwagizo kikaja mwanzoni kabisa, bila hodi, kile kile cha tangazo. Kilipokwisha, nikawa mgeni. Wimbo ulikuwa wa dakika kadhaa, na mimi nilikuwa najua sekunde 15 tu. Nilijaribu mara tatu nne kuuzoea uliobaki, nikashindwa. Kila mara nilijikuta nakingoja kibwagizo kirudi. Sisemi kwamba ulikuwa wimbo mbaya, maana Wajapani walinunua nakala zaidi ya milioni moja, na huyo aliyeuimba, Sakai Izumi, ambaye alifariki mwaka 2007, wanamkumbuka kwa upendo hadi leo. Nasema tu kwamba mimi niliuziwa paa nikadhani nimenunua nyumba.

Baadaye nikafahamishwa jinsi mambo yanavyokwenda. Wana neno lao, taiappu, walilolitohoa kutoka Kiingereza: wimbo hufungwa pamoja na tangazo, au na mchezo wa kuigiza wa televisheni, kimoja kimbebe mwenzake. Tangazo la kule kwa kawaida ni sekunde 15. Katika sekunde 15 mwanamuziki hana nafasi ya kumwamkia msikilizaji wala ya kumpa kiti. Basi kibwagizo hupelekwa mbele. Na mara nyingi kilitungwa hicho peke yake kwanza, uliobaki ukafuata baadaye iwapo watu wamekipenda. Ni ujenzi wa aina gani huo?

Tena tazama bendi ya DEEN. Santuri yao ya kwanza ilitoka tarehe 10 Machi 1993, ikatumika katika tangazo la peja za NTT DoCoMo, nayo ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Muziki wake aliutunga Oda Tetsuro, na maneno aliyaandika Uesugi Sho, mwimbaji wa bendi nyingine, WANDS. Hakuna hata mmoja wa DEEN aliyeutunga. Na Oda huyo huyo ndiye aliyetunga muziki wa "Yureru Omoi" uliotoka miezi miwili baadaye. Peja na kinywaji, mkono mmoja. Sasa shemeji aniambie, hapo bendi ni watu, au ni chapa juu ya chupa?

Naye hakukosa jibu. Akanitajia Mr. Children. Naam, hapo amenipata kidogo. Wimbo wao "Innocent World" wa mwaka 1994 ulitumika katika tangazo la Aquarius, kinywaji cha Coca-Cola. Aliutunga Sakurai Kazutoshi, mwimbaji wao wenyewe, na mwisho wa mwaka ukapata Tuzo ya Rekodi ya Japani. Ni wimbo wa kweli, una mwanzo na mwisho, nami siwezi kuukana ati kwa sababu ulipita dukani. Wala sina ugomvi na malipo. Kwetu taarabu huimbwa harusini na watu wakatunza; NUTA Jazz ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi na ikatuchezesha miaka na miaka. Mwimbaji naye ana tumbo.

Ugomvi wangu uko kwingine, na huko shemeji hapendi kwenda.

Mwaka 1988 bendi ya RC Succession, ya yule Imawano Kiyoshiro, ilirekodi albamu iitwayo "Covers": nyimbo za kigeni zilizotiwa maneno mapya ya Kijapani, na baadhi ya maneno hayo yalikuwa ya kupinga umeme wa nyuklia. Kampuni yao ya kurekodi ilikuwa Toshiba EMI. Toshiba ni nani? Ni mjenzi wa vinu vya nyuklia. Mwezi Juni likatoka tangazo magazetini kwamba albamu ni nzuri mno kiasi kwamba haiwezi kutolewa. Soma tena hapo, msomaji: nzuri mno! Hata kejeli ina mipaka yake. Ikabidi itolewe na kampuni nyingine, Kitty, tarehe 15 Agosti, na ikashika nafasi ya kwanza.

Na Kiyoshiro huyo hakuwa mtawa. Mwaka 1982 yeye na Sakamoto Ryuichi waliimba wimbo wa tangazo la vipodozi vya Kanebo, wakiwa wamejipaka rangi za midomo wenyewe, na Japani nzima ikacheka na kununua. Alikula pesa ya rangi ya midomo, na miaka sita baadaye bado alikuwa na mdomo wake. Huyo ndiye ninayemtaka mimi.

Mwezi Machi 2011 vinu vya Fukushima vikaharibika, vingine vikiwa vimejengwa na Toshiba hiyo hiyo. Mwezi uliofuata Saito Kazuyoshi, ambaye mwaka 2010 alikuwa ameimba "Zutto Suki Datta", yaani nilikupenda siku zote, kwa tangazo la Shiseido, alikaa mbele ya kamera na gitaa lake, akauimba muziki ule ule kwa maneno mapya: siku zote ulikuwa uongo. Alikuwa akisema juu ya usalama wa nyuklia. Video ikaenea katika intaneti.

Nilimsimulia shemeji yote haya. Akasema, "Lakini hapa ni maji ya matunda tu, si nyuklia." Ndipo nikaomba kuuona mkataba. Ukurasa wa tatu unasema kwamba kwa miaka mitano bendi haitaimba, popote, jambo lolote litakalomwaibisha mdhamini. Nikauliza ni nani atakayeamua kwamba ameaibika. Akajibu kuwa ni mdhamini mwenyewe. Nikauliza: na mto ule unaopita nyuma ya kiwanda chake, vijana wakitaka kuuimba? Akatazama saa yake.

Mkataba bado uko juu ya kabati. Kijana hajatia saini, wala hajakataa. Jana usiku nilimsikia chumbani kwake akijaribu kibwagizo, na ni kizuri, hata mimi nimeamka nacho. Mama yake ameniomba nimwache aamue mwenyewe, nami nimenyamaza, ila ule ukurasa wa tatu nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu.