Mguu wa machinga na kitambulisho cha elfu ishirini

Makamanda, leo naomba tuweke pembeni habari za uchaguzi, tuongelee mguu. Mguu wa kulia wa bi mkubwa wangu, muuza mitumba, uliovunjwa na gari la taka la halmashauri moja ya nchi hii Machi 2021. Gari lilikuwa linarudi nyuma bila utingo wa kuelekeza. Dereva alikiri kosa, akalipa faini, kesho yake yuko kazini. Mama akarudi nyumbani na chuma pajani.

Wale ndugu zetu wa upande ule hupenda kusema "sheria ipo, nendeni mahakamani". Tumekwenda. Sasa tusikilizane.

Ukigongwa na daladala, unamfungulia mmiliki madai, una miaka mitatu ya kufanya hivyo, na nyuma yake kuna ile bima ya lazima. Ukigongwa na gari la halmashauri mambo ni mengine kabisa. Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali: sasa hata halmashauri unaipa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi yenyewe inafunguliwa Mahakama Kuu, ambayo haiko kila wilaya. Mlemavu wa mguu anapanda basi kwenda kusikiliza kesi inaahirishwa. Na akishinda? Dalali wa mahakama hawezi kukamata mali ya serikali. Unapewa hukumu yako, unakaa kusubiri walipe. Hapo Bunge lilimlinda nani, mwananchi au lori?

Lakini hilo siyo lililoniuma zaidi. Lililoniuma ni hesabu.

Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1992 kwamba hasara mahususi lazima uzitaje na uzithibitishe. Sawa, sina ugomvi na hilo. Risiti za hospitali tunazo. Bodaboda ya kwenda kliniki haina risiti. Binti wa jirani aliyekaa na mama miezi minne akimwogesha hana risiti. Na kipato je? Mama alikuwa anabaki na wastani wa 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 390,000 kwa mwezi, 4,680,000 kwa mwaka. Tukapiga miaka kumi tu aliyokuwa amebakiza ya kubeba marobota: milioni 46.8.

Wakili wa Serikali akasimama na karatasi moja. Nakala ya kitambulisho cha mjasiriamali mdogo.

Mnavikumbuka? Desemba 2018 Rais Magufuli aliwagawia wakuu wa mikoa, kila mmoja vitambulisho 25,000, wakaviuze shilingi 20,000 kimoja. Masharti: mauzo yako yasizidi milioni 4 kwa mwaka. Sokoni kwetu hakuna aliyemuuliza mama anauza kiasi gani. Aliulizwa ana elfu ishirini au hana, maana asiye nacho alikuwa anafukuzwa na mgambo. Akalipa. Leo kitambulisho hichohicho ndo ushahidi dhidi yake: kama mauzo yako hayafiki milioni 4, inakuwaje faida ipite milioni 4? Hivyo ama uliidanganya serikali, ama unaidanganya mahakama. Kisha wakili akapiga hesabu yake: faida ni asilimia 20 ya milioni 4, laki nane kwa mwaka, miaka kumi milioni 8.

Kutoka 46.8 hadi 8. Kwa kadi waliyomuuzia wenyewe.

Sasa nisikilizeni hapa. Serikali hiyohiyo inapotangaza pato la taifa limekua, ndani yake imo biashara ya machinga, na wataalamu wa takwimu huikadiria kwa tafiti za kaya, bila kumdai mama yangu risiti hata moja. Wakihitaji sifa, anakadiriwa. Akihitaji fidia, anadaiwa vitabu vya hesabu.

Na usifikiri wanatuhesabu vizuri hata tukifa. Kwa mwaka 2016 takwimu rasmi zilisema vifo vya barabarani ni 3,256. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2018, likakadiria zaidi ya 16,000. Karibu mara tano! Hapo ni waliokufa. Aliyebaki na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake hayumo hata kwenye huo ugomvi wa namba.

Mimi nataka wabunge wetu, wachache walivyo, wapeleke muswada binafsi: madai ya kuumizwa yarudi mahakama za wilaya hata kama aliyeumiza ni halmashauri, na asiye na vitabu vya hesabu akadiriwe kipato chake kwa tafiti zilezile wanazotumia kwenye pato la taifa. Mkiona nimekosea hesabu, nisahihisheni hapo chini, ila msiniambie nisubiri.

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. Jana mama kaniuliza kama akifiche kile kitambulisho. Nimemwambia aende nacho, akivae shingoni kama alivyoagizwa siku aliyokilipia.