Wakili Atangulie Fedha
Ada iliyozoeleka katika vijiji vya Kibiti na vya delta ya Rufiji ni kwamba mtu atakaye nyumba hukutana na mwenye kuuza, wakapatana bei, wakahesabiana fedha mbele ya mashahidi wawili watatu, kisha wakaandikiana karatasi isemayo nyumba ya makuti pamoja na minazi yake, mashariki imepakana na mkorosho wa fulani, magharibi na mto. Na baada ya yote hayo ndipo karatasi hupelekwa kwa wakili ili aigonge muhuri. Wakili aitwaye saa hiyo hakuitwa kwa kazi yake.

Ardhi ya vijiji hivyo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani ilikwisha kutamka tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji pasipo idhini ya kijiji hayana nguvu. Saini ya mwenyekiti aliyekutwa barazani kwake jioni si idhini. Idhini hutolewa kikaoni na kuandikwa katika muhtasari, nao ndio waraka ambao wakili mwaminifu huudai kabla mteja wake hajatoa hata shilingi.

Lakini lenye kuzua fitina kubwa zaidi ni mirathi. Aghalabu nyumba iliachwa na marehemu baba, na aiuzaye ni mwana wa kiume aliyebaki kijijini, ilhali dada zake walioolewa Bungu au Mbagala wana mafungu yao yasiyogawanywa bado. Wakili huuliza: barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo iko wapi? Na mke wa muuzaji, ambaye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake, ameridhia? Maswali hayo humwepusha mnunuzi na kesi, tena humhifadhia haki binti asiyekuwapo. Na kwa rai yangu fadhila hii ya pili ndiyo kubwa.

Huko delta mikoko nayo ni hifadhi ya serikali, hata kama babu wa muuzaji alikata boriti humo tangu enzi za majahazi. Akuuziaye nyumba pamoja na mikoko iliyo nyuma yake akuuzia asichokimiliki.

Wako wasemao wakili ni ghali, na ni kweli. Ila Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Basi Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti iwape nauli ya boti kutoka Nyamisati, wahudhurie vikao vya vijiji vinavyoidhinisha mauzo.